Kocha wa ajaili si mshika rejista

Malalamiko haya yamezoeleka kwenye ofisi za kuandika programu za kompyuta na simu hapa Dar, kuanzia Kijitonyama hadi Msasani. Kampuni inaajiri kocha wa ajaili (agile), yaani mtu wa kuifundisha timu kujenga programu kwa hatua fupi na kujirekebisha njiani, ukuta unajaa vikaratasi vya rangi, kila asubuhi watu wanasimama duara kueleza jana walifanya nini, na programu inachelewa vilevile kama ilivyokuwa ikichelewa kabla hajaja. Anayelalamika akitaka kufunga mjadala anaitaja Capital One. Januari 2023 benki hiyo ya Marekani ilifuta nafasi zaidi ya 1,100 za watu wa ajaili. Kama benki yenye fedha namna ile imeona inaweza kuishi bila wao, kampuni ya watu ishirini pale Mwenge inawalipa ya nini?

Hoja ina mashiko, na anayetetea ukocha akiiruka anajidanganya. Cheti cha kuongoza skramu (Scrum), utaratibu mmojawapo wa ajaili, kinapatikana kwa mafunzo ya siku mbili. Mtu anatoka hapo hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, na Jumatatu anakabidhiwa wahandisi wenye miaka kumi kazini awafundishe namna ya kufanya kazi. Wanamvumilia tu. Kile kikao cha asubuhi cha dakika 15 kinakuwa cha dakika 40, maana bosi naye ameanza kuhudhuria na kila anayeongea lazima aulizwe swali. Alama ambazo timu ilijiwekea kukadiria ugumu wa kazi zinageuka kiboko: mwezi huu mmemaliza alama 30, mwezi ujao nataka 40. Timu nayo haijalala. Kazi ya alama tatu inaandikwa tano, lengo linafikiwa, makofi yanapigwa, na mteja hajaona tofauti yoyote kwenye simu yake.

Hata wenye mambo yao wamechoka. Dave Thomas, mmoja wa watu 17 waliotia saini ilani ya ajaili, tamko lililouanzisha mtindo huu, alitangaza mwaka 2014 kwamba ajaili imekufa. Mwenzake Ron Jeffries aliwashauri waandika programu mwaka 2018 waachane nayo. Wapinzani wanapenda sana kuwataja hawa wawili.

Wanachokiruka ni sababu zao. Wote wawili walikuwa wanapinga ajaili inayoshushwa kutoka juu na kuuzwa kama sare. Kazi yenyewe, ile waliyokubaliana Snowbird huko Utah mwezi Februari 2001, hawakuikana. Na ukiisoma ilani hiyo na kanuni zake 12, hutakuta vikaratasi, wala alama, wala kusimama duara. Utakuta kwamba kipimo cha maendeleo ni programu inayofanya kazi. Utakuta kwamba wanaoijua biashara na wanaoandika programu wakutane kila siku, timu ikae mara kwa mara ijikosoe, na mwendo wa kazi uwe ule ambao watu wanaweza kuuendeleza bila kuumia. Mwongozo wa skramu nao unasema wazi kwamba kile kikao cha dakika 15 ni cha waandika programu wenyewe. Bosi anayekigeuza mahudhurio amekinyakua tu, na kocha anayemwachia ameshindwa kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Capital One nao walieleza kwamba watu hao walihitajika sana katika hatua za mwanzo za mageuzi, na sasa kazi yao inaingizwa ndani ya kazi za wahandisi. Hapo sioni kushindwa. Kocha aliyefanya kazi vizuri ndivyo anavyopaswa kuondoka, ingawa najua barua ya kupunguzwa haimfariji mtu yeyote kwa maelezo hayo.

Kueleza kwa nini kanuni zile zina maana kwetu, sihitaji kwenda Marekani. Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu hapa Tanzania inatosha. Ilianza tarehe 15 Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, kutegemea kiasi. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka kutoka shilingi 7,000 hadi 4,000, huku miamala ya benki nayo ikiingizwa. Kisha tarehe 20 Septemba 2022 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, akasimama bungeni na mabadiliko mengine: tozo ya kuhamisha fedha kati ya benki na simu ifutwe pande zote mbili, ya kutoa fedha isiyozidi 30,000 kwa wakala wa benki au ATM nayo ifutwe, viwango vilivyobaki vipunguzwe. Kuanza, 1 Oktoba.

Tangazo lilitoka Jumanne na utekelezaji ukaanza Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ukitoa wikendi, zilibaki siku nane za kazi. Timu nyingi hupanga kazi kwa awamu za wiki mbili, yaani siku kumi za kazi, kwa hiyo sheria iligeuka ndani ya muda mfupi kuliko awamu moja. Mpango wa mwaka mzima uliopigwa muhuri mwezi Januari ungesaidia nini hapo?

Na anayedhani kazi ilikuwa kubadilisha namba moja hajawahi kukaa nyuma ya mfumo wa malipo. Kuna jedwali la viwango. Kuna ujumbe mfupi anaotumiwa mteja kumwonyesha alichokatwa. Kuna menyu ya simu, ripoti ya kila usiku ya kulinganisha hesabu, na hesabu ya kinachopelekwa serikalini. Halafu kuna maswali ambayo hakuna tangazo linaloyajibu: muamala wa tarehe 30 Septemba ukirudishwa tarehe 2 Oktoba, mteja arudishiwe tozo ya zamani au mpya? Aliyeanza kutuma saa tano na dakika hamsini na tisa usiku, muamala ukakamilika baada ya saa sita, akatwe kipi? Mwandika programu hawezi kulijibu swali hilo peke yake, na akilijibu kwa kukisia, kampuni itakuja kujua siku ya ukaguzi. Mtu wa hesabu anaweza kulijibu kwa dakika mbili, ilimradi awe karibu. Kanuni ya kukutana kila siku inakusudia hilo tu.

Mpinzani atasema kampuni zilipita hapo bila kocha. Ni kweli, watu wanakesha na mambo yanaenda. Ila ndani ya miezi 15 viwango viliwekwa mara nne, na mtu anayekesha ndiye anayebandika kiwango kipya palipo rahisi, kwa sababu ni saa tisa usiku na anataka kulala. Mara ya kwanza anakibandika sehemu moja. Mara ya tatu kiwango kipo sehemu saba ndani ya programu, na sita tu ndizo zilizobadilishwa. Ya saba ni ile inayotengeneza risiti. Mteja analalamika kakatwa shilingi 800 na risiti inasema 1,200, huduma kwa wateja hawana la kujibu, na mhandisi anatumia siku mbili kutafuta kosa ambalo kuweka viwango vyote kwenye jedwali moja kungelizuia.

Hapa makocha wengi wa mjini wanastahili lawama zaidi ya wanazopewa. Kanuni ya tisa kati ya zile 12 inadai umakini wa kiufundi na usanifu mzuri bila kukoma. Kent Beck, naye mmoja wa wale 17, na wenzake kule Chrysler, kampuni ya magari ya Marekani, miaka ya tisini, walijenga mtindo wao juu ya majaribio yanayoandikwa kabla ya programu na watu wawili kuandika pamoja. Ukiondoa hayo ukabaki na vikao, umebaki na kelele. Kocha asiyeweza kufungua programu akaona kile kiwango kimebandikwa sehemu saba atauliza kila asubuhi kama kuna kikwazo, ataambiwa hakuna, na ataandika hakuna.

Lakini hata mhandisi mkali hawezi kuifanya peke yake kazi nyingine ya kocha: kuwezesha ukweli usemwe mbele ya wakubwa. Fikiria kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka jana. Asubuhi anaingia ofisini anamsalimia mkurugenzi: shikamoo mzee. Saa tatu na robo, mbele ya mzee huyohuyo, anategemewa kusema tarehe aliyomwahidi mteja haiwezekani. Hasemi. Anajibu, "Tunajitahidi, mzee." Anajua tangu wiki ya pili kwamba haitawezekana, mzee anakuja kujua mwezi wa tatu, na ile miezi katikati kampuni imeendelea kulipa mishahara kwa kujenga kitu ambacho mteja angekubali kukipunguza kama angeambiwa mapema. Sijui gharama kubwa zaidi ya hiyo katika biashara hii. Haionekani kwenye vitabu vya hesabu, na haitokani na uzembe wa yeyote: kijana ana adabu, mzee ana nia njema.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha tathmini katika ofisi moja ya Mikocheni. Kocha, dada mmoja aliyewahi kuandika programu za benki, hakuuliza mtu yeyote swali. Aligawa vikaratasi vitupu, akamwomba kila mtu, mkurugenzi akiwemo, aandike namba kuanzia moja hadi tano: una uhakika kiasi gani kwamba tutakabidhi mwisho wa mwezi? Bila jina, kikunjwe. Akavisoma kwa sauti. Tano. Mbili. Moja. Mbili. Moja. Mbili. Kila mtu alijua ile tano ni ya nani, na hakuna aliyemtazama.

"Aliyeandika mbili," akasema, "anahitaji kitu gani ili wiki ijayo aandike nne?"

Kimya kikawa kirefu kidogo. Kisha binti aliyekuwa kwenye mafunzo ya vitendo akasema, "Samahani mzee, seva ya majaribio ya mteja haijafunguliwa. Tunaomba tangu Aprili."

"Aprili? Mbona sikuambiwa?"

"Tuliandika kwenye grupu, mzee."

Grupu la WhatsApp lenye watu 30 na picha za send-off. Mkurugenzi akatoka nje kumpigia mteja. Programu ilichelewa bado, wiki tatu, na sehemu ya ripoti ikasogezwa kwenye awamu ya pili. Mteja alinung'unika akakubali. Sioni rejista yoyote ya mahudhurio ambayo ingeipata ile seva.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote kwangu ni la mikataba, na wanaolileta ni wafanyabiashara ambao wameshaungua. Zabuni, ziwe za umma zinazopita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, au za kampuni binafsi, hutoka na hadidu za rejea, bei moja na tarehe moja. Mwenye kampuni anasema: ninyi mnanifundisha kukaribisha mabadiliko hata mwishoni, na kila "kabadiliko kadogo" ka mteja nakalipia mimi. Kwa bei isiyobadilika, kanuni hiyo inaweza kumfilisi mtu. Kocha anayejibu kwamba mikataba ibadilishwe kwanza hajui anaishi mji gani.

Jibu ninaloliona linafaa ni la katikati. Bei ikae, tarehe ikae, ila malipo ya awamu ya kwanza yafungwe kwenye kitu kidogo kinachofanya kazi, ambacho karani wa mteja anaweza kukigusa, badala ya kitabu cha mahitaji cha kurasa 120 ambacho hakuna atakayekisoma hadi siku ya ugomvi. Na likija jipya, orodha iwekwe mezani: sawa mheshimiwa, hili linaingia, lipi linatoka? Kulisema hilo mbele ya ofisa wa mteja, kwa upole na bila kupepesa, ni ufundi. Mhandisi mkuu anaweza kuwa nao. Wengi hawana, na hawakuajiriwa kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo wapinzani nawapa nusu ya madai yao. Timu ya watu watano wanaokaa meza moja na mwenye biashara haihitaji kocha. Wakae Ijumaa kwa muda wa saa moja waulizane wiki imekwendaje, inatosha. Kampuni kubwa kidogo imwajiri kwa miezi sita, si maisha, na ikubaliane naye tangu mwanzo nani ndani ya timu atarithi kazi yake. Na kwenye usaili wasihangaike na vyeti. Wamfungulie programu yao wamuulize viwango vya bei vimewekwa wapi. Kisha wamuulize ni lini mara ya mwisho alimwambia bosi wake kwamba tarehe haitawezekana, alimwambia mbele ya nani, na bosi alifanya nini kesho yake.