Barua ya Mjomba na Beberu wa Nkuhungu

Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti 23, vijana wa anwani za makazi walipita mtaani kwetu Nkuhungu, Dodoma, wakibandika vibao vya namba za nyumba. Yangu ilikuwa imeishia kwenye lenta, haina bati wala mlango. Jengo pekee lililokamilika kiwanjani lilikuwa banda la mbuzi. Nikawaambia, "Bandikeni hapo, nikihamia nitakihamisha."

Nikahamia. Kibao sikukihamisha.

Sasa, mjomba wangu wa Kondoa haamini simu. Anasema maneno yake yanapeperuka. Miaka yote aliniandikia kwa S.L.P. ya shule niliyofundisha. Nilipostaafu nikajitapa kwake: mpwa wako siku hizi ana namba ya nyumba, jina la barabara na postikodi inayoanza na 41, barua inamfuata mlangoni kama bwana shauri.

Na kweli ikanifuata. Nipo zangu soko la Majengo napima dagaa, simu ikaita.

"Mzee, hukuwepo, barua yako nimeichomeka mlangoni."

"Ubarikiwe, mwanangu."

Nyumbani nikatafuta mlango wa mbele, wa nyuma, mpaka chini ya zulia. Wapi! Ndipo nikamsikia beberu anatafuna, taratibu, kama mtu anayesoma kwa kituo. Nikamkaba shingo. Nilichookoa ni stempu nzima, imelowa mate, na kipande chenye maneno: "dhumuni la barua hii ni ku".

Ku- nini? Kukopa? Kunipa shamba? Sisi tuliosoma enzi za Mwalimu tulionywa sana kuhusu mabeberu, lakini hakuna aliyetuambia wanafungua barua za watu.

Jioni mjomba akapiga kwa simu ya jirani yake. Ningesema ukweli hapo, yangeisha. Lakini baada ya majigambo yale ya postikodi?

"Imefika, mpwa?"

"Imefika, mjomba."

"Umeisoma yote?"

"Yote, shikamoo."

"Basi utekeleze." Akakata.

Jumamosi saa sita akashuka kwenye bajaji na wazee wanne, kanzu zimenyooshwa, wako njiani kwenda kuposa Kongwa. Mke wangu alikuwa amepika ugali na mlenda. Mjomba akafunua bakuli, akalifunika tena polepole.

"Mpwa wangu, si nilikuandikia umchinje yule beberu?"

Nikashindwa hata kumeza mate. Ikabidi niwatoe nje wote, nikawaonyesha kibao, upenyo wa mlango, na kile kipande cha barua nilichokikausha juani. Mhusika mwenyewe alikuwa amesimama chini ya namba, ndevu zinachezacheza.

Mjomba hakucheka. Mzee mmoja akamgusa bega.

"Mwache mpwao, barua haikupotea. Mwenye nyumba si huyo hapo?"