Mbwa wa mgeni, kijana wa kwetu na saa za sala

Huku kwetu pwani ya kusini mashariki ya Unguja, Paje, Bwejuu mpaka Jambiani, wageni wanaohamia wanazidi na wengi wana mbwa, ama wamekuja nae ama wameokota mtoto wa mbwa ufukweni wakamfuga, na haupiti muda utasikia mtu anauliza nampata wapi kijana wa kunitembezea mbwa asubuhi na jioni. Na sisi wenyeji tukisikia tu tunagawanyika, huyu anasema kazi ni kazi kijana akaichukue, huyu anasema mtoto wa kiislamu kulipwa kumkokota mbwa ni aibu. Nimelifikiria sana hili na naona wote wana la kusikilizwa ila lawama tunaiangushia kijana wakati si pake.

Tuanze na dini mana ndo inayotajwa mwanzo. Wengi wetu hapa ni wa madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mbwa ni najisi nzito, akikulamba au akakugusa ana majimaji unakosha mara saba na moja katika hizo kwa udongo. Mtu asije akaliita hili ushamba. Lakini fikihi hiyo hiyo inasema kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi, yani umeshika kamba kavu mbwa yuko mbele yako huko, hujanajisika kwa kushika kamba tu. Na ile hadithi ya kupunguziwa thawabu anaefuga mbwa imewatoa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na Suratul Maida aya ya 4 imehalalisha anachokamata mnyama wa kuwinda aliefundishwa. Wazee wetu hili walikuwa nalo kwa vitendo, wasasi, yani wawindaji, wa Unguja na Pemba wanaingia msituni na mbwa wao kuwafukuza nguruwe wanaomaliza mihogo ya watu, na sijapata kusikia msasi akazuiliwa mlango wa msikiti.

Kwa hivo anaesema haramu na basi, ameruka mambo. Lakini na anaejibu "mbona wasasi" nae ameruka, tena hapa ndo penye uzito. Msasi anatoka na mbwa wake kwa haja yake na kwa wakati wake, akirudi anakoga anabadilisha nguo. Kijana anaetembeza mbwa wa mtu hana wakati wake. Anaambiwa mbwa atoke alfajiri na atoke magharibi.

Na mgeni hasemi hivo kwa ubaya, ni jua. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema ulimi nje, na kaskazi ikiingia kuanzia Disemba mchanga wa saa sita mchana unababua miguu ya mtu sembuse nyayo za mbwa, na wale wa manyoya mengi waliotoka nchi za baridi wanaweza kufa kwa joto kabisa. Sasa saa zinazomfaa mbwa ndo saa zetu za kwenda msikitini, ndo saa watoto wanatoka chuoni na misahafu yao, wazee wameshatia udhu wamekaa barazani. Ukimuona mzee anarudi nyuma na kanzu yake njia inapopita mbwa usifikiri anamchukia mnyama, anaona akiguswa na ile pua ya majimaji itabidi arudi nyumbani akoshe nguo na sala ya jamaa inampita.

Utasema basi apite ufukweni aiache mitaa. Anaejua maji yetu atakwambia si rahisi hivo. Siku za bamvua, maji makubwa, bahari inajaa alasiri mpaka inagonga kuta za mahoteli, mchanga wa kutembea unakuwa hakuna, mbwa na kijana wanasukumwa juu kwenye njia za mtaani wakati ule ule watu wako nje. Na asubuhi saa tatu saa nne maji yakiwa yameshakupwa kinamama wako chini kwenye mwani, vigingi na kamba zimetandazwa, mbwa alieachiwa akakimbilia humo anakata kamba na kukanyaga kazi ya mtu ya wiki kadhaa. Nimeshamuona mama mmoja amesimama na kamba iliyokatika mkononi haongei, na mwenye mbwa yuko mbali anamwita mbwa wake kwa furaha wala hajui kilichotokea. Iliniuma.

Kuna na kichaa cha mbwa, na hapa sitaki mtu anichukulie kuwa naongeza chumvi. Dalili zikishatoka kwa binaadamu karibu kila mara ni kifo, tiba hakuna. Pemba ugonjwa ulitokomezwa 2014 kwa kuchanja mbwa, ukaletwa tena na kushika 2016 mpaka chanjo zilipopigwa upya kisiwa kizima ndo ukamalizika 2018. Yani kisiwa kinaweza kusafishika, na kinaweza kuchafuka tena kwa mbwa mmoja aliepakiwa chomboni. Kwa hivo kijana akikabidhiwa kamba kabla ya kuulizia malipo aulizie kadi ya chanjo aione kwa macho, na aking'atwa asione haya, jeraha aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kisha hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri eti mbwa mwenyewe mzima.

Upande wa ajira nakubaliana nao kwa moyo wote, ila si kwa namna inavyofanywa sasa. Vijana hawana kazi, msimu wa masika mahoteli mengine yanafunga na mbwa masika anatembea vile vile, hii ni riziki isiyokatika. Lakini mara nyingi hakuna anaeajiriwa, anaangushiwa mlinzi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alichukuliwa kulinda nyumba usiku, mwezi wa pili akaambiwa asubuhi kabla hujaondoka mtembeze na mbwa, mshahara ule ule, hakuulizwa kama anataka wala dini yake inasemaje. Akaogopa kukataa asije akatolewa. Hiyo si ajira, ni kumuongezea mtu mzigo kwa sababu huna khofu kwamba atasema hapana.

Wengine wanasema suluhisho ni kuwapa Wamasai na watu wa bara ambao hawana tabu na mbwa, na kweli wapo wazuri waliokua na mbwa tangu wadogo wakichunga. Hilo linamuondolea mwenyeji mtihani wa najisi lakini mzee wa barazani na mama wa mwani hawajasaidika chochote, kamba ikiwa ndefu ni ndefu nani kaishika haijalishi. Mie naona mwenye mbwa ndo abebe tabu: aende kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ajitambulishe na aulize njia ipi haina watu, amuulize kijana kabla, alipe kazi hii mbali na ulinzi, atoe nguo za kazi na bomba la maji nje na sabuni, kamba iwe fupi, na saa zipangwe kwa adhana. Akiona hayo mengi basi amtembeze mwenyewe.

Yule kijana mwishowe alienda kuongea na mwenye nyumba, alikwenda na ami yake mana peke yake hakuthubutu. Sasa hivi analipwa mbali, anatoka saa kumi na nusu akishasali alasiri, anapita nyuma kwenye kivuli cha mivinje, na adhana ya magharibi inamkuta mbwa ameshafungiwa uani. Mama yake bado hajaridhika, hataki nguo zile zichanganywe na za wengine, kwa hivo zina beseni lake chini ya mpera na kijana anazifua mwenyewe.