William de Braose: deni au siri?

Mwaka 1208 Mfalme John wa Uingereza alimgeuka William de Braose, baroni wa Bramber na mpiganaji wake wa siku nyingi. Mwaka 1201 alikuwa amempa nchi ya Limerick, Ireland, kwa ahadi ya kulipa maki 5,000 (kipimo cha fedha cha zama hizo) kwa awamu. Sasa akataka chake, na wana wa baroni wawekwe rehani.

Wanaomtetea mfalme hushikilia deni, na si hoja ya kutupwa. De Braose alikuwa amelipa sehemu ndogo tu, na John alitoa waraka kudai kwamba amefuata desturi ya hazina. Lakini makabaila waliodaiwa walikuwa wengi. Matilda, mke wa William, alikamatwa mwaka 1210 pamoja na mwanawe mkubwa, wakafa njaa kifungoni. Deni gani hulipwa hivyo?

Wengine husema ni siri: kwamba de Braose alijua yaliyompata Arthur. Arthur, mtoto wa kaka yake John na mshindani wake wa ufalme, alitekwa Mirebeau, Ufaransa, mwaka 1202, de Braose akiwemo katika vita hivyo. Mwaka uliofuata kijana akatoweka mikononi mwa mfalme. Roger wa Wendover, mtawa mwandishi wa historia, anasimulia kuwa Matilda alikataa kuwatoa wanawe kwa mtu aliyemuua mtoto wa nduguye. Jibu kali, ila Wendover aliandika miaka mingi baadaye, na watawa hawakumpenda John. Hata hivyo naelemea huku: ukatili ule unanuka hofu kuliko hesabu.

Kinachonishinda ni kumlilia de Braose mwenyewe, aliyefia uhamishoni Ufaransa mwaka 1211. Mwaka 1175 aliwaalika wakuu wa Wales katika ngome ya Abergavenny, akiwemo Seisyll ap Dyfnwal, kisha akawaua humo humo. Watu wake wakaenda hadi nyumbani kwa Seisyll wakamuua Cadwaladr, mwanawe mdogo. Gerald wa Wales, mwandishi wa zama hizo, anamsifu baroni kwa uchaji Mungu, na kwa Abergavenny anamwona mtekelezaji tu wa shauri la wengine. Utetezi mwepesi mno: mwenyeji alikuwa nani?

Familia haikuzimika. Giles, mwana wa William na askofu wa Hereford, aliungana na mabaroni waasi mwaka 1215. Nduguye Reginald akarudishiwa ardhi. Mwana wa Reginald, William mwingine, alinyongwa na Llywelyn, mtawala wa Wales, mwaka 1230 kwa kufumaniwa pamoja na Joan, mke wa Llywelyn na binti wa John yule yule.