Kabla ya kumtukana anayevuka chini ya daraja

Mtu akigongwa na gari Thika Road, barabara kuu ya Nairobi, hatua chache tu kutoka kwenye daraja la wapita njia, maneno mitandaoni huwa yale yale: Wakenya ni wavivu, Wakenya hawasikii. Mimi siafiki. Simtetei anayekimbia katikati ya matatu na malori, ila anayemtukana ningependa apande daraja lenyewe kwanza, saa moja jioni, mtoto mgongoni na mfuko wa viazi mkononi. Unapanda kwa kuzungushwa, unaelekea usikokwenda, unageuka, unarudi. Juu kuna soksi na kava za simu zimetandazwa, mnapishana kwa mabega. Ukishuka upande wa pili, matatu zinapakia mbali kule. Barabara hii ilipokamilika mwaka 2012 tuliisifu kwa upana wake na kasi yake, yaani tuliisifu kwa macho ya mwenye gari.

Sasa linganisha na kitu kilichochorwa kwa kumfikiria mtumiaji: nenda Kamukunji, hapo hapo Nairobi, kwa mafundi wa jua kali, uangalie jiko la makaa. Lile la zamani lilikuwa bati tupu, joto likipotelea ubavuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 likaja hili lenye udongo wa kuchoma ndani, wazo ambalo sehemu yake lilitoka kwa majiko ya Thailand. Ukilitazama kwa karibu, kila mkunjo una kazi. Kiuno kimebanwa ili kibebe kikombe cha udongo kinachokaa nusu ya juu. Chini pamebaki pa jivu, na kimlango cha kuongeza au kupunguza hewa. Makaa yanayotumika hupungua kwa theluthi hivi, pengine zaidi. Na ni zuri! Kile kiuno kingeweza kuuza jiko hata kama hakingekuwa na kazi.

Lakini kinachonivutia zaidi ni yale ambayo hayakubadilishwa. Sufuria ni zile zile, ugali unasongwa vile vile, fundi anatumia nyundo na mabati aliyozoea. Hakuna aliyeitwa kwenye semina kufundishwa kupika upya. Udongo ukipasuka, mama analirudisha kwa fundi na maneno makali, na fundi anajifunza hapo hapo. Aliyechora daraja hana mteja wa namna hiyo.

M-Pesa nayo, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilipoanza Machi 2007, ilikuwa menyu fupi ndani ya laini ya simu, ikafanya kazi hata kwenye mulika mwizi, zile simu ndogo za vitufe. Baadaye jina la mpokeaji likaanza kuonekana kabla pesa hazijaondoka. Mstari mmoja tu wa maandishi, lakini unamfanya mtu asite, asome, agundue amekosea tarakimu. Kampeni ya redio ya kuhimiza watu wawe makini isingefika hapo.

Kwa hiyo pale Thika Road, kabla ya kuongeza ua wa chuma na askari wa kukamata watu, ningeanza na steji. Isogezwe hadi mguuni pa daraja, ili anayeshuka matatu ajikute tayari kwenye ngazi. Wachuuzi watengewe nafasi yao pembeni, maana wateja wako pale na hawataacha kuja. Halafu aliyeidhinisha mchoro apewe mtoto na viazi, avuke jioni moja.