Maji ya meli Tanga: adhabu impate nani, na kwa kosa gani?

Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mwisho wake ni Chongoleani, kaskazini ya mji wa Tanga. Tumezungumza sana kuhusu ajira na hatari ya mafuta kumwagika. Maji hayatajwi. Meli ya kupakia mafuta huja tupu, na meli tupu lazima ibebe maji ya farumi tumboni ili isiyumbe. Inapopakia, maji hayo hutolewa, na ndani yake huweza kuwamo mayai na wadudu wachanga wa bahari ya mbali.

Hofu ya wavuvi kwamba wageni hao watawaharibia uvuvi ina msingi. Miaka ya 1980 kiumbe laini anayefanana na yavuyavu, asili yake pwani za Amerika, aliingia Bahari Nyeusi, inaaminika kwa maji ya meli. Akala mayai ya samaki na chakula chao pia. Uvuvi wa samaki wa jamii ya dagaa, ambao tayari ulikuwa umezidiwa na nyavu, ukaporomoka. Anayeishi kwa dagaa Kipumbwi anaelewa maana yake.

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2004, ulioanza kutumika Septemba 2017, unataka maji hayo ya farumi yatibiwe, yaani viumbe waliomo wauawe, na kila yanapoingizwa au kutolewa iandikwe daftarini. Unairuhusu nchi ya bandari kuionya meli iliyokosa, kuizuia au kuiondosha. Lakini mkataba huohuo unaipa meli iliyocheleweshwa isivyo haki fidia ya hasara yake. Hapa wenye meli wana hoja nzito. Majibu ya sampuli za maji hayo yakisubiriwa siku nyingi kutoka maabara ya mbali, hasara ni kubwa, na Tanga, jirani wa Mombasa, haiwezi kubeba sifa ya bandari sumbufu.

Hata hivyo, siafiki kusubiri madhara ndipo tuadhibu. Kiumbe mgeni huweza kukaa miaka bila kuonekana. Akishatapakaa, nani atathibitisha kaletwa na meli ipi? Kinachothibitika ni kitendo: daftari lisilojazwa, mtambo wa kutibu maji uliozimwa, maji yaliyomwagwa bila kutibiwa. Adhabu ikae hapo. Na faini pekee haitoshi, maana kwa kampuni kubwa ni gharama nyingine ya safari. Kinachouma ni kunyimwa kupakia.

Kwa mashua na majahazi ya Pemba mizani iwe nyingine. Viumbe husafiri pia kwa kuganda chini ya chombo, ni kweli, lakini mabaharia wetu tangu zamani hupandisha chombo pwani, wakakikwangua na kukipaka shahamu. Hao wahitaji mafunzo, si mahakama.

Wapo wanaokumbusha kwamba si kila mgeni ni adui: mbegu za mwani unaowalisha akina mama wengi wa pwani zilitoka Ufilipino. Sawa, lakini mwani uliletwa kwa kukusudia, na tunajua umepandwa wapi.

Tanga ina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, samaki wa kale wa kina kirefu, iliyotangazwa mwaka 2009. Kabla meli za mafuta hazijazoeleka, viumbe wa ghuba hii waorodheshwe, na maabara iwe hapahapa mjini. Bila orodha hiyo, mkaguzi hatakuwa na msingi wa kusema nani mgeni, na wakili wa meli atalijua hilo mapema.