Eti "akisikia njaa atakula mwenyewe"

Kuna mtu wangu wa karibu, namheshimu sana na ndo maana simtaji, alikuja nyumbani akamkuta paka wangu Chausiku kakaa mbele ya sahani. Akanusa (Chausiku, sio mgeni), akalamba midomo, akakunakuna sakafu pembeni kama anafukia kitu, akageuka akaenda zake. Mgeni akacheka kweli kweli. "Huyo unamdekeza. Toa hiyo sahani, mwache, akisikia njaa atakula mwenyewe." Halafu akaendelea na stori zake kama vile kashanimalizia tatizo lote.

Nilinyamaza kwa adabu. Hapa sinyamazi.

Manake hiyo kauli nimeisikia mpaka masikio yamechoka, kwa majirani, kwa watu wa kazini, kwa watu ambao hawajawahi kufuga hata kuku, na inayouma zaidi ni kuisikia kwa watu wenye paka kabisa ndani ya nyumba. Na inatamkwaga kwa ile sauti ya mzee wa busara, taratibuuu, kama unapewa siri ya maisha. Paka anakonda, hajulikani anaumwa nini, we hulali, halafu mtu anakwambia mgonjwa wako ana nyodo.

Haya tuongee. Paka sio mbwa na sio mtu aliyefunga. Mwili wake umejengwa juu ya nyama, unachoma protini kila siku apate asipate, hauna ile namna ya kupunguza matumizi hali ikiwa ngumu. Asipokula, mwili unaanza kuvuta mafuta uliyoweka akiba na kuyapeleka kwenye ini yageuzwe kuwa nguvu. Tatizo ni kwamba ini la paka halimudu mzigo mkubwa hivyo kwa mkupuo, kwahiyo mafuta yanarundikana mlemle ndani ya ini na ini linaanza kushindwa kazi. Ini likishindwa paka anapata kichefuchefu, mwenye kichefuchefu hali chakula, asipokula mafuta mengine yanashuka kwenye ini, na mduara unaendelea hivyo mpaka unaona masikio kwa ndani na fizi zinageuka njano. Siku mbili tatu za kutokula kabisa zinaweza kutosha kuanzisha hiyo safari. Na walio kwenye hatari kubwa ni wale wanene, wale mnaowaambia "huyu ana akiba, hawezi kufa njaa." Hiyo akiba ndo inayomuua!

Halafu sikia hii, tiba kubwa ya ini lililojaa mafuta ni chakula. Basi. Kuna dripu, kuna dawa za kutuliza tumbo, lakini kinachomrudisha ni kulishwa, tena mapema, na wengi wanaolishwa vizuri mapema hupona. Yani unamnyima mgonjwa dawa yake halafu unakaa kwenye kochi unasubiri aiombe.

Na hiyo njaa mnayoisubiri haiji. Paka mwenye kichefuchefu anaweza kuwa na tumbo tupu kabisa na bado harufu ya chakula inamkera, ni kama mtu anayetapika kwenye basi halafu unamletea sinia la pilau puani, eti kwa vile hajala tangu asubuhi atafurahi. Zile dalili za Chausiku alizozicheka mgeni wangu zote zinaweza kuwa dalili za kichefuchefu: kuja mbio kwenye sahani kisha kurudi nyuma, kulamba midomo bila kuwa amekula, kumeza mate, kukuna sakafu kama anafukia. Watu wanazirekodi video wanaweka na muziki. Haya.

Sawa, nikubali kidogo, maana najua mtakuja na hili. Paka wachaguzi wapo. Kuna paka aliyezoeshwa tangu mdogo chakula kikavu cha aina moja na cha majimaji hakitambui kama ni chakula, na kuna wale wanaokula nyumba tatu mtaa mzima kila mwenye nyumba akijua paka ni wake, huyo akikataa chakula chako ni kwamba kashiba kwa jirani. Wapo. Ila mchaguzi hakondi. Mchaguzi anakataa hiki anakula kile na mwisho wa wiki kilo zake ziko palepale. Kwahiyo badala ya kubishana na mimi nunua mizani. Panda kwenye mizani umembeba paka, kisha panda peke yako, toa, na ikiwezekana tafuta ile ya kupimia watoto wachanga maana hizi za bafuni gramu mia zinazipita kama hazijaziona. Paka wa kilo 4 akipoteza gramu 400 kapoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, chukua kilo zako wewe utoe sehemu ya kumi uone kama utasema "kapungua kidogo tu." Na usitegemee macho, manyoya yanadanganya sana, pitisha vidole kwenye uti wa mgongo na mabega.

Kingine ni kwamba paka haumwi kwa kelele. Porini ni mwindaji lakini na yeye ana wakubwa wanaomwinda, akionesha udhaifu kaisha, kwahiyo anaficha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal walitoa mwaka 2019 kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa paka, wanaangalia vitu vitano: masikio yamekaaje, macho yamebanwa kiasi gani, mdomo na pua vimekaza au vimelegea, sharubu, na kichwa kiko juu ya mabega au kimeinama. Kila kimoja kinapewa kuanzia 0 mpaka 2. Hakihitaji mashine, ni macho yako tu na kutulia. Mi nimekiprinti kiko mlangoni mwa friji, wageni wanadhani ni mapambo.

Sasa kuna hili la "vipimo viko sawa." Daktari wa mifugo wa kwanza tuliyempelekea (simtaji) alichukua damu, akaangalia karatasi, akasema yuko safi, mrudishe nyumbani, labda kachukia kitu. Kachukia kitu! Mwenzangu, karatasi safi maana yake ni kwamba vile mlivyopima viko safi. Kreatinini, ambayo ndo wengi wanaitegemea kuangalia figo, kwa kawaida haipandi kwenye damu mpaka karibu robo tatu ya uwezo wa figo uwe umeondoka. Meno nayo, paka wana ugonjwa wa jino kuliwa lenyewe kwa lenyewe na linaweza kuanzia chini ya fizi huku juu linang'aa, bila eksirei ya meno chini ya dawa ya usingizi huoni kitu. Kongosho lina kipimo chake maalum cha damu, hakimo kwenye kile kifurushi cha kawaida. Vitamini B12 nayo inapimwa peke yake, na ikishuka sana kwa sababu ya utumbo mgonjwa, kushuka kwenyewe tu kunaweza kumkata hamu ya kula. Na ukuta wa utumbo ukionekana mnene kwenye ultrasaundi, inaweza kuwa uvimbe wa muda mrefu wa kawaida au kansa ile ya limfoma inayokwenda polepole, na picha peke yake haitenganishi hivyo viwili, lazima kipande cha nyama kikatwe kikaangaliwe kwa hadubini.

Chausiku tuko hapo. Figo zinaonekana nzuri, tezi ya shingo nzuri, meno yamepigwa picha mazuri, ini linavumilia, utumbo ndo una unene kidogo sehemu moja ambao daktari wa sasa hivi anauita "wa kuangaliwa." Jina la ugonjwa hatuna. Na nimegundua watu wanavumilia mgonjwa mwenye jina la ugonjwa, ila asiye na jina wanamuona anaigiza. Huyu daktari wa sasa angalau alisema jambo moja nikamkumbatia moyoni: kutojua chanzo hakutuzuii kutibu kichefuchefu, maumivu na njaa leo hii. Mwenzake alitaka tungoje jibu kwanza.

Ushauri mwingine ninaopewa nauzungumzia haraka haraka maana hasira zinaniisha. Kumlazimisha kwa bomba la sindano mdomoni kila saa: hapana, anaishia kukichukia hicho chakula hata siku akipona, na kikipita njia ya hewa umemletea nimonia. Kuficha dawa kwenye chakula anachokipenda: utamharibia kile kimoja kilichobaki. Kumpa parasetamoli "robo tu" ya kutuliza maumivu: inaua paka, ini lake halina vimeng'enya vya kutosha vya kuisafisha, hakuna robo salama. Kuna aliyenambia niweke sukari kidogo chakula kiwe kitamu, jamani, paka hata haonji utamu, jeni ya kipokezi cha utamu kwake imekufa, watafiti walishaliandika hilo mwaka 2005. Kumpikia nyumbani nyama tupu siku zote, moyo ni mzuri lakini paka anahitaji kirutubisho kinaitwa taurini, tena cha kutosha, na mwaka 1987 ndo ilithibitishwa kwamba ikipungua moyo wake unatanuka na kudhoofika, kwahiyo kama ni kupika pika na mtaalamu.

Kinachotusaidia sisi ni vitu vya kawaida kabisa. Chakula kipashwe kidogo kifike joto la mwili wake, nyuzi 38 hivi, kwa sababu paka anakula kwa pua kabla ya ulimi, na paka mwenye mafua anaweza kuacha kula kwa vile tu hasikii harufu. Kidogo kidogo, kipya cha siku hiyo, kikikataliwa kinaondolewa asikae nacho kikimnukia. Sahani mbali na mchanga wake wa kujisaidia (we ungekulia chooni?). Dawa ya kichefuchefu kwanza, ndo ile ya kuamsha hamu ifuate, ipo mirtazapini ya kupaka ndani ya sikio, Marekani iliruhusiwa kwa paka mwaka 2018, ikatuokoa na vita vya vidonge. Sisemi kila paka apewe, nasema muulize daktari wako kwa jina, usingoje akumbuke yeye.

Na mrija. Nikitamka mrija wa kulishia watu wananishika mkono wananiangalia kama natangaza msiba. Ule wa shingoni unaingizwa kwenye umio, dawa ya usingizi ni ya muda mfupi, paka anatembea nao, analala nao, na akitaka kula kwa mdomo anakula huku mrija upo. Chakula, maji na dawa vinapita humo bila mtu kukwaruzwa wala kubanwa taya. Eti huo ni ukatili, ila kumwangalia anakauka wiki nzima "tukisubiri asikie njaa" ndo upendo.

Tumeshaandika na daktari kilo ambayo Chausiku akishuka chini yake mrija unawekwa siku hiyohiyo, na wakati yuko usingizini kipande cha utumbo kinachukuliwa, tumalize na hilo swali pia. Hakuna kikao cha ukoo. Anayeona ni ukatili aje nyumbani, nitampa bomba la sindano, blanketi, na paka mwenye kucha zote, halafu baada ya hapo ndo anifundishe huruma.