Kwetu tunakujua, shida ni karatasi
Eti sisi watoto wa Wahindi tuliokulia Lubumbashi, Kongo, hatuna kwetu, si huku si kule. Mwandishi aliyeandika hivyo kakosea. Bibi alinisemesha Kigujarati, shuleni Kifaransa, dukani kwa baba Kiswahili, na ulimi haukujikwaa. Mkono uliomega chapati na kuchovya dengu mchana, jioni ulimega bukari, yaani ugali, kwa mama jirani (mama yangu, asiyekula nyama wala samaki, aliuliza tu kama sombe, yaani kisamvu, lina samaki, nilidanganya). Kinachotuchanganya ni uraia: katiba ya 2006, kifungu cha 10, inasema wa Kongo hauchanganywi na mwingine, na India nayo haikubali uraia wa nchi mbili. Kaka alishachagua, mimi bado. Wenzangu, nyinyi mlichagua upi, na wazee walisemaje?